Kuitafuta Sindano ya Mnyauko

Siku mliyoniaga nikistaafu mlinikabidhi kitenge, saa ya ukutani na kipaza sauti. Kitenge na saa nilivipokea. Kipaza sauti kilinishinda: nilisema asante, nikasema tena asante, nikakaa. Haya mtakayosoma ndiyo hotuba iliyonikwama kooni. Nimeiandika kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha tuliyokutania katika maabara ile, Wanyankore wenyeji walioijua kwa shida na Wakongomani tuliodhani tunaijua. Vyeo sitavitaja. Waliokuwepo wanavijua, na ninyi vijana havitawasaidia kushika kitanzi cha waya.

Niliingia Nakivale, kambi ya wakimbizi kusini magharibi mwa Uganda, mwishoni mwa mwaka 1996, nikitokea Kivu ya Kusini, binti yangu Furaha akiwa mgongoni. Mume wangu alibaki kule, na habari za kubaki kwake si za kuandikwa hapa. Kabla ya vita nilikuwa nikifanya kazi katika maabara ndogo ya shule ya kilimo: kupika chakula cha bakteria, kuosha vioo, kuangalia kwenye hadubini. Kambini karani aliniuliza kazi yangu. Nikamjibu, "Niko naotesha mikrobe." Akaniangalia kidogo, kisha akaandika: mkulima.

Hakukosea sana. Kwa miaka kadhaa nililima mahindi na maharage karibu na kijiji cha Misiera humo kambini, na jirani yangu alikuwa Shemasi Elia, Mprotestanti kutoka milima ya juu ya Uvira. Wengine walipopanda vinavyoiva upesi, maana nani ajuaye kesho atakuwa wapi, Shemasi aliomba machipukizi ya migomba kwa Mnyankore mmoja nje ya kambi, akayapanda kwa mstari ulionyooka. Nilimwambia, "Shemasi, mugomba ni ya mutu mwenye kukaa." Akanijibu, "Na miye niko nafanya nini? Sijakaa?" Baada ya muda shamba lake likawa kivuli cha mtaa mzima. Kina mama walipitia humo makusudi wakienda kuteka maji, hata kama njia ile ilikuwa ndefu zaidi.

Kazi katika maabara ya magonjwa ya mimea mjini Mbarara niliipata kwa sababu ya matope. Gari la maabara lilikuja kambini kuchukua majani ya maharage yenye ugonjwa, likanasa, nasi tukaitwa kulisukuma. Aliyekuwa akiamuru tusukume vipi ni mwanamke mnene aliyevaa koti jeupe na buti za mvua. Huyo ndiye Kyomuhendo, mkuu wa mafundi wa maabara, ambaye nami, kama watu wote, nilimwita Nyabo, yaani bibi kwa Kinyankore. Gari lilipotoka nilimsogelea na kumweleza kwamba nilishawahi kufanya kazi kama yake.

"Wewe najua kuosha vioo?" akaniuliza.

"Najua."

"Vizuri. Mimi nimeshachoka na watu wa kujua kila kitu. Hakuna mwenye kujua kuosha."

Siku yangu ya kwanza nusura iwe ya mwisho kwa woga. Kiswahili cha Nyabo kilitoka kambi za polisi. Marehemu mume wake alikuwa askari, na kila neno alilolijua alilisikia likitolewa kwa amri. "Wewe! Kuja hapa! Simama! Mikono juu!" Mikono juu ilikuwa na maana kwamba niinue mikono niliyoiosha ili maji yachuruzike kuelekea kwenye viwiko. Lakini mtu aliyetoka nilikotoka mimi akiambiwa mikono juu haulizi maji. Niliganda pale, machozi yakaanza kunitoka. Nyabo alishtuka kuliko mimi. Alizima moto, akanikalisha, akaniletea chai ya maziwa katika kikombe chake mwenyewe. Akatafuta maneno ya upole kwa Kiswahili, asiyapate. Mwishowe akasema, kwa sauti ile ile ya kituo cha polisi, "Kunywa! Hapa hakuna mtu napiga wewe!"

Tangu siku ile tulielewana.

Alinifundisha kazi kana kwamba tunajiandaa kwa ukaguzi wa mkuu wa nchi. Kitanzi cha waya cha kuchotea bakteria kichomwe mpaka kiwe chekundu, kisha kipoe ukihesabu polepole, si ukipeperusha hewani kama mtu anayefukuza nzi. Kifuniko cha kisahani cha kuoteshea kifunguliwe upande mmoja tu, kama mlango wa nyumba ya mwenye mbwa. Otoklevu, lile jungu la mvuke la kuulia vijidudu, lisifunguliwe kabla mshale haujarudi kwenye sifuri, hata kama anayetaka vitu vyake ni profesa. Mezani usiongee, maana mate yana bakteria wengi kuliko choo. Yeye mwenyewe aliongea mfululizo, lakini akigeuza uso ukutani.

Siku za kazi nilikaa katika chumba cha kupanga mtaani Nyamityobora, nyuma ya duka la mshona viatu, na Ijumaa jioni nilipanda gari kurudi kambini kwa Furaha, aliyekuwa akilelewa na mke wa Shemasi. Ijumaa mojawapo ya hizo Shemasi alinisubiri kando ya njia, asinisalimie.

"Mama Furaha, njo uone kintu."

Mgomba mmoja katikati ya shamba lake ulikuwa umeinamisha majani, ya manjano, yamelegea kama bawa la kuku lililovunjika. Ndizi zilikuwa zimeiva kabla ya kujaa. Tulipoikata moja, ndani ilikuwa na madoa ya kahawia kama kutu. Tulikata shina, tukasubiri kidogo, na kwenye mkato yakajitokeza matone mazito ya rangi ya maziwa yaliyochacha. Shemasi alisema, "Inatoka usaha." Alisema kama mtu anayetazama kidonda cha mtoto.

Jumatatu niliipeleka sampuli maabara. Baada ya siku chache visahani vilijaa vidoto vya bakteria vya manjano, vinavyong'aa, vya kuteleza, vizuri kwa macho kama matone ya asali. Nyabo aliviinua kwenye mwanga wa dirisha, akavitazama kwa muda, wala hakuamuru kitu. "Ni yeye," akasema taratibu. Ulikuwa mnyauko wa migomba, ule tuliokuwa tukisikia kwamba umeshamaliza mashamba katikati ya nchi. Sasa ulikuwa umefika kwetu. Nyabo alizaliwa Isingiro, penye migomba mpaka upeo wa macho, na mama yake alikuwa bado anaishi huko. Alivaa glavu mpya na kusema, "Sasa tunafanya kazi."

Mkuu wa utafiti alikuwa Dokta Mugume, kijana mrefu mwenye sauti ndogo, ambaye alisema Kiingereza kwa upole na Kiswahili kwa kuomba radhi. Alituketisha akatuchorea ubaoni. Bakteria huyu, alisema, ni mdogo mno, lakini ana kitu mfano wa sindano. Anaishikiza kwenye ukuta wa chembe ya mgomba, anapitisha humo sumu zake, na mmea unaacha kujilinda. Sindano ile, na sumu, na namna ya kuzitengeneza, vyote vimeandikwa katika jeni zake. Lakini bakteria ana jeni maelfu. Zipi ni za ugonjwa, na zipi ni za kula, kukua na kuzaana tu? Hilo ndilo tulipaswa kulijua.

Njia yenyewe inaeleweka hata na mtoto, ila inahitaji uvumilivu wa mjamzito. Kuna kipande cha jeni kinachoweza kuruka na kujichomeka popote ndani ya jeni nyingine. Tuliwapa bakteria wetu kipande hicho. Kila kilipotua, jeni ya pale iliharibika. Kipande kilibeba pia kinga dhidi ya dawa fulani ya antibiotiki, kwa hiyo tukiwaotesha kwenye chakula chenye dawa hiyo, wanaopona ni wale tu waliokipokea. Basi kila kidoto kwenye kisahani ni ukoo wa bakteria wenye kasoro moja, na hatujui ni ipi. Unamchukua kila mmoja kwa kijiti cha kuchokolea meno, kilichopitishwa kwenye otoklevu, unamkuza peke yake, unamdunga kwenye mgomba mchanga uliopandwa kwenye kopo. Kisha unasubiri. Mgomba ukifa, kasoro yake haikugusa ugonjwa. Usipokufa, labda umempata.

Migomba ilikufa. Naomba mlielewe neno hilo, maana siku hizi mnasoma matokeo kwenye skrini. Katika nyumba ya wavu nyuma ya maabara tulikuwa na safu baada ya safu za migomba midogo ya kijani, mizuri, niliyoimwagilia mwenyewe, na kazi yangu ilikuwa kuidunga ugonjwa na kuitazama ikifa. Kisha kuichemsha kwenye otoklevu, udongo wake na makopo yake, ili kisitoke hata kidudu kimoja. Kisha kupanda mingine. Dukani Mbarara waliniuliza tunanunua vijiti vya meno vya nini, vingi hivyo. Nyabo akawajibu, "Sisi nakula nyama sana."

Tulikuwa pia na makopo ya tumbaku, na tumbaku ilikuwa kipimo cha haraka. Ukidunga bakteria mwenye sindano nzima kwenye jani la tumbaku, jani humtambua na kujichoma lenyewe pale pale, kinabaki kidoa kikavu. Asiye na sindano haachi alama. Wakati huo mbegu zetu za tumbaku zilikuwa zinasumbua kuota, kwa hiyo kipimo hicho tulikifanya mwishoni.

Sasa nifike kwenye siku ambayo sitaisahau. Shemasi Elia alikuwa Mbarara kwa shughuli za kanisa, akaamua kunipitia kazini. Mlinzi alimwelekeza nyuma. Alinikuta nimeinama kwenye nyumba ya wavu, sindano mkononi, nikiudunga mgomba mchanga. Nyuma yangu, safu nzima ilikuwa imenyauka.

Alisimama mlangoni, kofia mkononi.

"Mama Furaha. Munachoma mugomba muzima sindano ya kuua?"

Niliinuka. Nilitaka kueleza, nikaanza kwa Kiswahili cha maabara, jeni na antibiotiki, nikaona namna uso wake ulivyokuwa ukikunjamana.

"Kule kambini batu banasema ugonjwa inatoka mu labo," akasema. "Balikuwa banasema, na miye niko nabakatalia. Nikabaambia, Mama Furaha anatumika kazi kule, hawezi. Sasa nimejionea na macho yangu."

Mjue jambo moja. Majuma yale serikali ya wilaya ilikuwa ikituma watu kambini kuwaonyesha wakulima namna ya kung'oa mashina yaliyoshikwa, kabla ugonjwa haujavuka shamba kwa shamba, na wakulima wengi walikuwa wamewafungia njia. Shemasi ndiye aliyekuwa akisikilizwa. Akirudi na habari ile, mlango ungefungwa kabisa, na migomba ya Nakivale yote ingekwenda.

Nyabo alitokea nyuma yake. Nilidhani atamfukuza, maana mgeni haruhusiwi mle bila buti na koti. Alikwenda akarudi na buti, koti na kiti.

"Wewe mzee, vaa hii. Kaa hapa. Kwanza angalia, nyuma uliza."

Shemasi alivaa. Koti lilimfika kwenye nyonga. Alikaa, na Nyabo akaendelea na kazi mbele yake bila kuficha hata kimoja, akimwonyesha kila kopo na kumwambia, "Hii tunamtia dudu mwenye kukosa kitu. Hatujui kitu gani. Kama mti nakufa, hatujapata. Kama mti nasimama, tunajua nguvu yake iko wapi." Alipokosa neno alinigeukia, nami nikamalizia kwa Kikongomani chetu: "Tunatafuta fasi yenye mwizi anafichaka silaha yake, Shemasi."

Alitazama kopo kwa kopo mpaka jua likazunguka upande wa pili wa wavu. Mwishowe akaonyesha kwa kidole.

"Na hizi tumbaku? Muko nalima tumbaku pia?"

"Ya kupimia," nikasema. "Hakuna mwenye kuvuta."

"Mungu anasikia," akasema Shemasi, ambaye kanisa lake halitaki kuona sigara, na nikajua tumemrudisha.

Kabla hajaondoka aliona kitu ambacho sisi wenyewe tulikuwa tumekiona asubuhi ile tu. Katika safu iliyokufa kulikuwa na mgomba mmoja uliosimama, majani yameinuka, wa kijani kabisa. Aliusogelea, akaugusa kwa nyuma ya vidole.

"Na huyu?"

Dokta Mugume alikuwa amefika wakati huo. Alijibu kwa Kiswahili chake cha kuomba radhi: "Huyu… bado. Samahani. Bado sijaridhika."

Lakini Shemasi hakulisikia neno bado. Aliporudi kambini watu waliacha kusema kwamba ugonjwa unatoka maabara. Badala yake walisema kwamba maabara kuna mgomba uliokataa kufa, na dawa iko njiani. Na kwa kuwa dawa iko njiani, mashina yaliyoshikwa shambani mwake Shemasi hakuyang'oa. Aliyaegemeza kwa miti, akayawekea samadi, akangoja.

Kemikali za kipimo kilichobaki, cha kuona kama bakteria wenyewe ni wazima, zilichelewa. Zilipofika, Dokta aliwaotesha bakteria wa mgomba ule kwenye chakula hafifu, cha sukari na chumvi tu. Hawakuota. Kasoro yao haikuwa kwenye ugonjwa hata kidogo. Walikuwa wameharibikiwa jeni ya kujitengenezea kirutubisho kimoja, na ndani ya mgomba walikufa njaa. Silaha walikuwa nayo, mkono wa kuiinua ndio haukuwepo. Dokta alitueleza huku akisafisha miwani yake ambayo ilikuwa safi tayari. Nyabo akakohoa, akasema, "Basi. Kesho tunapanda mingine."

Ila mimi nilikuwa na kesho nyingine. Jumamosi nilikwenda kwa Shemasi. Alinipokea kwa furaha, akinitazama mikononi kama nimebeba chupa.

"Shemasi, ule mugomba ulitudanganya."

Nilimweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akabisha kama mtu anayebishana na daktari wa wodi: labda mlikosea kupima, labda mjaribu tena. Nikamwambia tutajaribu tena, tena kwa miaka, lakini shamba lake halina miaka. Nikamwonyesha jinsi ugonjwa ulivyokuwa umehama kutoka mgomba wa katikati kwenda kwenye mstari wake ulionyooka, mmoja baada ya mwingine, kwa panga lake mwenyewe la kupogolea.

Aliingia ndani. Nilimsikia akisema na mke wake. Alipotoka alikuwa na panga na shoka.

"Moto uko fasi gani?" akauliza.

Tuliwasha moto. Nilimwonyesha kuchoma panga kila baada ya shina moja, mpaka chuma kiwe moto usioshikika, kabla ya kugusa lingine. Alikata. Kila shina lilipoanguka alisimama kidogo, akapangusa uso, akaenda kwenye lingine. Majirani walikusanyika kwenye njia ile ya kina mama, wakaona kivuli chao kikifunguka na jua likiingia. Kisha mzee mmoja aliyekuwa amewafungia njia watu wa wilaya akamwomba Shemasi amwazime moto. Alisema hivyo hasa: "Uniazime moto." Jioni moshi ulikuwa ukipanda kwenye mashamba mengi mpaka kilimani.

Nililia njia nzima ya kurudi Mbarara. Nyabo aliponiona Jumatatu aliniamuru niende kuosha vioo, vyote, hata visafi. Sijui kama mnaelewa ni wema gani huo.

Kazi iliendelea miaka. Nitairuka mingi, maana ni safu zile zile na vijiti vile vile. Lakini mwaka wa transfoma siwezi kuuruka. Transfoma ya mtaa ililipuka, jenereta yetu ikawaka siku moja na kukata roho, na ndani ya friza kubwa kulikuwa na bakteria wetu wote wenye kasoro, kila ukoo kwenye kichupa chake, kazi ya miaka. Barafu ilikuwa imeanza kuyeyuka pembeni. Dokta alishika kichwa. Nyabo akashika simu.

Nchi ya Mbarara ni ya ng'ombe, na wenye ng'ombe wanaotaka mbegu za madume bora huzihifadhi kwenye mitungi ya naitrojeni, baridi kupita friza yoyote. Nyabo alimfahamu mhimilishaji mmoja wa Endiinzi, mtu wa kupandisha ng'ombe kwa mrija, aliyeitwa Rwomushana, mrefu kama fimbo yake. Alikuja na pikapu na mitungi.

"Nyabo, hii dudu yenu haitauma ng'ombe yangu?" akauliza.

"Dudu ya ndizi. Ng'ombe yako ni ndizi?"

"Na ile mbegu ya dume Friziani? Nikikosea, napandisha ng'ombe na ugonjwa ya matoke?"

"Kwa hiyo usikosee!" Nyabo akafoka kipolisi, na mtu yule akasimama wima, nusura apige saluti.

Hivyo ndivyo bakteria wetu walivyolala kitanda kimoja na madume ya Kiholanzi mpaka umeme uliporudi. Hatukupoteza hata ukoo mmoja. Rwomushana alidai baadaye kwamba ndama wote waliozaliwa mwaka ule walipenda maganda ya ndizi kupita kiasi. Hilo hatukulipima.

Na mmoja wa waliolala kule ndiye tuliyekuwa tukimtafuta. Tulipomdunga, mgomba ulisimama. Safari hii hatukumwambia mtu. Kwenye chakula hafifu aliota vizuri, mnene na wa manjano, mwenye afya tele. Kwenye tumbaku, ambayo sasa ilikuwa inaota, hakuacha alama. Dokta akaisoma jeni iliyoharibika, akatuita ubaoni, akachora ile sindano tena, na safari hii akafuta kipande kimoja cha shina lake. "Hapa," akasema. Lakini bado hakuwa ameridhika. Ilibaki kumrudishia bakteria yule jeni ile ile, nzima, na kuona kama ugonjwa utarudi. Usiporudi, basi tumedanganywa tena.

Fikirini hali yetu. Baada ya miaka ya kuomba mgomba mmoja usife, sasa tulikuwa tunaingia kila asubuhi tukiomba ufe. Wakati huo Nyabo alishastaafu, lakini alikuwa akija kutoka Isingiro, anavaa koti lake la zamani, anasimama mbele ya makopo na kuyakemea. "Wewe! Lala chini!" Mgomba haukulala. Siku zikapita. Dokta aliacha kula mchana.

Kisha asubuhi moja nilifungua mlango wa wavu, na jani la chini la mgomba ule lilikuwa limeinama. La pili lilikuwa na ukingo wa manjano. Jirani yake, mwenye bakteria asiyerudishiwa jeni, alisimama wima. Nyabo aliyekuwa nyuma yangu ndiye aliyesema, kwa sauti ya kusikika mtaa mzima:

"Amekufa! Amekufa! Asante Mungu, amekufa!"

Mlinzi alikuja mbio akiwa na rungu, kofia imeanguka njiani. Alimkuta mkuu wa mafundi mstaafu akicheza ngoma kwa buti za mvua, Dokta amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa akicheka na kulia, na mimi nimekumbatia kopo la mgomba unaokufa. Aliuliza, "Nani amekufa?" Tulimwonyesha mgomba. Nadhani mpaka leo yeye hatuamini.

Nyabo alifariki mwaka uliofuata, kwao, katikati ya migomba ya mama yake. Tulikwenda wote kumzika. Mchungaji alisema maneno mazuri, ila aliyasema taratibu mno, na nilijikuta nikingoja mtu afoke. Ninyi mliokuja baadaye mkaniona mkali kuhusu mshale wa otoklevu, sasa mnajua ukali ule ni wa nani.

Kuijua jeni si kupata dawa. Dokta amewaeleza hayo mara nyingi, nami nayarudia: wengine, katika maabara kubwa kuliko yetu, wanatumia tulichokijua kutafuta mgomba utakaoizuia sindano ile. Huenda wataupata ninyi mkiwa na mvi. Jambo hilo lilinijia waziwazi mwezi wangu wa mwisho kazini, mwaka 2015, nilipokwenda Nakivale kumuaga Shemasi Elia. Yeye na mke wake walikuwa wamepata nafasi ya kuhamia ng'ambo, nchi ya theluji. Watu wa safari zile huondoka na basi asubuhi.

Nyumbani hawakuwepo. Mke wake alikuwa tayari kando ya njia na mizigo, akanionyesha njia kwa kidole. Nilimkuta Shemasi shambani. Migomba ilikuwa imechipua upya miaka ile yote, kivuli kimerudi. Alikuwa amevaa suti ya kijivu na tai, na viatu vipya alivivua, viko juu ya jiwe. Mkononi alikuwa na mti mrefu wenye panda. Mbele yake alisimama mama kijana wa Kirundi, mtoto mgongoni, aliyefika kambini majuma machache tu kabla. Shamba alikuwa amegawiwa yeye.

"Unaona hii ua ya zambarau, chini ya mukungu?" Shemasi alikuwa akisema. "Nyuki anatoaka ugonjwa kwa hii ya jirani, analeta kwa yako. Basi ndizi ya mwisho ikitokea, unaivunja. Hapana na panga. Panga inabeba. Na muti, hivi." Akaingiza panda, akazungusha, ua likakatika na kuanguka kwa kishindo kidogo.

Yule mama aliinama akaliokota, akaligeuzageuza. "Na dawa yake iko wapi?" akauliza.

Shemasi alinigeukia. Nilikuwa nimefanya kazi hiyo karibu miaka yangu yote ya Uganda, na mama yule alikuwa akinitazama kwa macho ambayo niliyajua.

"Bado," nikamwambia. "Tunajua kinachomfanya aue. Dawa bado."

"Bado," Shemasi akarudia, na safari hii alilisikia vizuri. "Lakini mugomba hazifi. Angalia. Hazifi."

Akamkabidhi mti, akamwacha ajaribu. Mara ya kwanza panda iliteleza. Mara ya pili ua lilikatika. Dereva wa basi alipiga honi, kisha akapiga tena, na mke wa Shemasi akaita jina lake.

"Niko nakuya!" akajibu kwa sauti. Kisha akamshika mama yule kiwiko, akamsogeza mpaka kwenye mgomba wa pili, akasema, "Na hii."